AJALI NI KADARI, LAKINI DENI NI LAKO

BismiLlahir-Rahmanir-Rahim

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, masahaba zake na kila mwenye kufuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, mwezi huu tunaanza kwa kujishitaki wenyewe kabla ya kumshitaki mtu mwingine yeyote. Tumezoea katika kurasa hizi kukemea ushirikina, uzushi na riba. Leo tunakemea dhulma ambayo imeingia misikitini kwetu ikiwa imevaa kanzu na kofia, na imepewa majina mazuri: subira, suluhu na msamaha.

Katika mmoja wa misikiti yetu, ndugu mwenye nafasi yake katika kamati alikuwa akitoka na pikapu katika njia ya mtaani kuingia barabara kuu ya lami. Penye makutano yale pana alama ya kusimama. Hakusimama. Bajaji iliyokuwa ikipita katika barabara kuu, ikiwa na haki ya njia, ilipigwa ubavuni ikapinduka. Dereva wake, kijana aswaliye safu za nyuma katika msikiti huo huo, alivunjika mguu. Bajaji haikuwa mali yake. Alikuwa akimpelekea mwenyewe hesabu kila jioni, na kilichobaki kilikuwa chakula cha mama yake na wadogo zake wawili.

Siku ya tatu ujumbe wa wazee ulikwenda wodini. Ulichukua machungwa, maji ya kunywa, bahasha yenye fedha kidogo na karatasi iliyokwisha andikwa. Wakamwambia kijana: “Mwanangu, hii ni kadari ya Allah. Mwenzio naye hakupenda. Muislamu hampeleki nduguye polisi. Mwenye kusamehe ujira wake uko kwa Mola wake. Hebu weka sahihi hapa, yaishe.” Kijana akajibu: “Sawa, wazee wangu,” akaweka sahihi.

Miezi minne baadaye kijana alikuwa bado anatembelea magongo. Mwenye bajaji alikuwa akimdai gharama za matengenezo. Mama yake alikuwa amekwisha uza cherehani. Na mwenye pikapu? Alinyoosha bampa, akapaka rangi, akaendelea kukaa safu ya mbele.

Mmoja wa wazee wale waliokwenda na karatasi ni miongoni mwetu tunaoandika kurasa hizi. Siku ile tulirudi nyumbani tukiamini kuwa tumesuluhisha. Leo tunakiri kuwa tulishiriki katika kumdhulumu yatima kitandani kwake. Na kwa kuwa tunajua kuwa karatasi kama ile zimeandikwa katika misikiti mingi, tumeona ni wajibu kuzijibu hoja zilizotumika, moja baada ya moja.

HOJA YA KWANZA: “NI KADARI YA ALLAH”

Hakuna Muislamu anayepinga kadari. Kuiamini ni nguzo ya imani. Lakini wapi Allah (S.W.) alisema kwamba jambo likiwa kadari basi deni lake limefutika? Kula kwako ni kadari, na bado unamlipa mwenye duka. Kukopa kwako ni kadari, na bado unadaiwa.

Turejee Qur'an 4:92. Hapo Allah (S.W.) anazungumzia muumini aliyemuua muumini mwenzake kwa makosa, bila kukusudia. Hilo ni kadari kwa kila hali, na muuaji hakutaka. Pamoja na hayo, aya imemwekea mambo mawili: kuacha huru mtumwa muumini, na dia ikabidhiwe kwa watu wa marehemu. Asiyepata cha kuacha huru, afunge miezi miwili mfululizo, iwe toba kwake. Lau kadari ingefuta wajibu, aya hii isingekuwa na maana yoyote.

Tuangalie pia kisa cha Umar bin Khattab (R.A.), alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, akaamua kurudi. Abu Ubayda (R.A.) alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamfahamisha kwamba anaitoka kadari ya Allah akielekea kadari nyingine ya Allah. Hivyo ndivyo walivyoifahamu kadari watu waliofundishwa na Mtume (S.A.W.). Kwao kadari ilikuwa sababu ya kuchukua hatua. Kwetu imekuwa shuka la kufunikia uzembe.

Kushika breki ni kadari. Kusimama penye alama ni kadari. Kulipa ulichokiharibu nako ni kadari. Kwa nini basi tunaipenda ile kadari ya kugonga tu, na ile ya kulipa tunaikimbia?

Katika Sahih Bukhari imepokewa kwamba mmoja wa wake wa Mtume (S.A.W.) alikivunja chombo cha chakula kilicholetwa na mke mwenziwe. Mtume (S.A.W.) hakusema kuwa ni jambo la nyumbani, au kwamba wivu ni maumbile. Alikizuia kile kilichovunjika, akatoa kizima kutoka nyumba ya aliyevunja kikapelekwa kwa aliyevunjiwa. Ikiwa bakuli limelipwa katika nyumba ya Mtume (S.A.W.), mguu wa Muislamu utaachwaje?

HOJA YA PILI: “TUMEKWISHA SAMEHEANA”

Msamaha ni jambo tukufu, na Qur'an 42:40 inamuahidi mwenye kusamehe na kusuluhisha kwamba ujira wake uko kwa Allah. Lakini soma mwanzo wa aya hiyo hiyo: kabla ya kutaja msamaha, imethibitisha kwanza haki ya aliyetendewa ubaya. Msamaha ni zawadi, na mtu hutoa zawadi ya kitu anachojua kuwa ni chake. Yule kijana hakuelezwa kwamba ana haki yoyote. Alisamehe nini?

Tena aya ya 4:92 imeweka wazi ni nani mwenye mamlaka ya kusamehe dia. Ni watu wa marehemu, wakiamua wenyewe kuifanya sadaka. Si imamu, si mwenyekiti wa kamati, si mjumbe wa nyumba kumi, wala si mzee mwenye ndevu nyeupe. Hakuna mtu anayetoa sadaka kwa mfuko wa mwenzake.

Masharti ya msamaha yanafahamika kwa kila aliyesoma fiqhi. Mwenye kusamehe awe na akili timamu na uhuru wa kuchagua, na ajue anachokisamehe. Mtu aliyelazwa siku ya tatu, mwenye maumivu, ambaye daktari bado hajasema kama mguu utaunga, na ambaye amezungukwa na wazee watano anaowaheshimu kama baba zake, huyo hana uhuru wa kusema hapana. Sahihi yake ni ya haya, nayo mali iliyochukuliwa kwa upanga wa haya haiwi halali kwa aliyeichukua.

Na angalieni jambo hili la ajabu. Katika baraza zetu, wanaohimizwa kusamehe ni akina nani? Ni dereva wa bajaji, mwenda kwa miguu, mjane, muuza mihogo. Hatujasikia ujumbe ukimwendea tajiri aliyekwanguliwa gari lake na kijana wa pikipiki, ukamwambia kuwa ni kadari. Hapo kijana hushikiliwa, pikipiki yake hufungiwa, na jamaa zake huchangishana hadi alipe. Msamaha unaoteremka kutoka kwa maskini kwenda kwa tajiri, na usipande hata siku moja, huo ni ada ya kijahilia ya kumlinda mkubwa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa umma zilizotangulia ziliangamia kwa sababu hiyo: kumwachia mtukufu na kumsimamishia dhaifu adhabu.

HOJA YA TATU: “BIMA NI HARAMU” NA “BIMA ITALIPA”

Hoja hizi mbili zinapingana, lakini tumezisikia zikitoka katika kinywa kimoja.

Wa kwanza husema: bima ya biashara ina gharari na riba, kwa hiyo mimi siigusi. Ni kweli kwamba Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1985, liliiharamisha bima ya biashara yenye malipo maalumu na kuelekeza bima ya kusaidiana. Sisi nasi ndio msimamo wetu. Lakini sheria ya nchi yetu inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto kuwa na bima dhidi ya madhara kwa watu wengine, ile iitwayo bima ndogo. Umekwisha ilipia kwa kulazimishwa. Sasa umemvunja mtu mguu. Ukikataa kumwonesha hati ya bima ili adai haki yake, na mfukoni mwako usitoe chochote, ucha Mungu wako umemfaa nani? Hujaepuka haramu hapo. Umekimbia deni kwa kutumia fatwa. Ikiwa dhamiri yako haikubali fedha ya bima, toa yako mwenyewe, ukamilishe.

Wa pili husema: mimi nina bima, wao watalipa, mimi nimemaliza. Hajamaliza. Bima inaweza kubeba fedha, haiwezi kubeba toba, wala kafara, wala ukweli wa maelezo. Na hapa ndipo uongo unapoingia: ripoti inageuzwa, aliyepita taa nyekundu anaandikwa kuwa alipita ya kijani, shahidi anatafutwa ambaye siku ya tukio alikuwa kijiweni kwake akicheza bao.

Wapo pia wanaomtia askari wa usalama barabarani kitu mkononi ili mchoro wa tukio uelekee upande wao. Qur'an 2:188 imekataza waziwazi kula mali za watu kwa batili na kuzipeleka kwa mahakimu kwa lengo hilo, na Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji. Hata hakimu akihukumu kwa ushahidi wa uongo, hukumu yake haihalalishi kitu. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alitahadharisha kwamba yeye ni mwanadamu, huhukumu kwa anayoyasikia, na ambaye atapewa haki ya nduguye kwa ufasaha wa ulimi wake, amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu iliyotoka kwa Mtume (S.A.W.) haimtakasi mwongo, je, ripoti ya trafiki itamtakasa?

NANI MWENYE KOSA?

Mitaani kumeenea kanuni mbili za uongo. Ya kwanza: aliyebonyea mbele ndiye mkosaji. Ya pili: aliyeumia zaidi ndiye mwenye haki. Zote mbili ni batili, na hasa katika ajali za ubavuni.

Gari linapopigwa ubavuni, aliyepiga ameumia mbele, na aliyepigwa ameumia mlangoni. Lakini mlango uliobonyea hauelezi nani alikata njia ya mwenzake. Huenda aliyepigwa ndiye aliyejitokeza ghafla kutoka njia ndogo. Huenda aliyepiga ndiye aliyepuuza taa. Huenda mmoja aliingia kwenye kipilefti bila kumpisha aliyekwisha ingia akitokea kulia kwake. Huenda mmoja alikosea njia na mwingine alikuwa katika mwendo usiofaa, wakashirikiana katika kosa. Haki hutafutwa kwa alama za barabarani, taa, alama za matairi katika lami, vioo vilipoangukia, na mashahidi wasio na maslahi. Na tujue kwamba mgongano wa namna hii ni hatari kuliko mingi: mbele ya gari pana injini na chuma cha kupokea kishindo, bali ubavuni baina ya mtu na kinachomgonga pana mlango tu. Katika bajaji hata mlango hapana.

Wanaodai kwamba fiqhi yetu haina la kusema juu ya magari hawajafungua vitabu. Mafaqihi waliandika mlango mzima juu ya wapanda farasi wawili wanaogongana, na vyombo viwili vya baharini. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameieleza katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wa pwani yetu wamekisomesha kizazi baada ya kizazi: wakigongana bila kukusudia wakafa, aqila wa kila mmoja hubeba nusu ya dia ya mwenzake, kwa kuwa kila mmoja amekufa kwa kitendo chake na kitendo cha mwenziwe. Mahanafi wameona kila upande hubeba dia kamili ya mwingine. Hebu tuzingatie: wamekhitilafiana katika kiasi, hawakukhitilafiana kwamba kuna deni.

Majalla, sheria za Kiislamu zilizoandikwa katika dola ya Uthmaniyya karne ya 19, imeweka kanuni katika vifungu vyake vya 92 na 93: mwenye kutenda moja kwa moja hubeba dhamana hata kama hakukusudia, na mwenye kusababisha tu habebi ila akiwa amevuka mipaka.

Kisha Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha 8 kilichofanyika Brunei mwaka 1993, lilitoa azimio mahsusi juu ya ajali za barabarani. Kwa muhtasari liliamua haya:

1. Kufuata kanuni za usalama barabarani zisizopingana na sharia ni wajibu wa kidini, kwa ajili ya maslahi ya watu.

2. Dereva hubeba dhamana ya madhara anayowapata nayo wengine, ya mwili au ya mali.

3. Haondokewi na dhamana ila kwa nguvu asiyoweza kuizuia wala kujikinga nayo, au kosa la aliyedhurika lenye uzito katika kuleta matokeo, au kosa la mtu wa tatu, ambaye ndiye atakayelibeba.

4. Dereva na aliyedhurika wakishirikiana katika kosa, kila mmoja hubeba fungu lake.

Kwa hiyo asiyesimama penye alama ya kusimama hakuvunja “sheria ya serikali” tu, kama wanavyosema baadhi ya vijana wetu kwa dharau. Amevunja jambo ambalo wanazuoni wa zama zetu wamelihesabu kuwa wajibu wa kisharia. Na tajiri anayeitoa daladala barabarani huku akijua breki ni mbovu na matairi ni vipara, akimtisha dereva kwa hesabu ya jioni, huyo ni msababishaji aliyevuka mipaka. Asijifiche nyuma ya leseni ya dereva wake.

KINACHODAIWA NI NINI?

Kwanza ni mali. Chombo kilichoharibika hutengenezwa au hulipwa thamani yake, na deni hili liko katika mali ya mkosaji mwenyewe. Aqila hawabebi mali.

Pili ni mwili. Barua ya Mtume (S.A.W.) kwa Amr bin Hazm imetaja viwango: dia ya mtu ni ngamia 100, anayepoteza mguu mmoja ana nusu ya dia, jino lina ngamia watano, na jeraha linaloonesha mfupa lina ngamia watano. Mfupa uliovunjika kisha ukaunga, kwa madhehebu yetu ya Shafi, hauna kiwango maalumu. Hufanyiwa hukuma, yaani tathmini ya watu wajuzi na waadilifu. Juu ya pato ambalo mtu amelikosa akiwa kitandani, wanazuoni wana khitilafu, lakini mlango wa suluhu yenye haki uko wazi.

Tatu, katika kifo, ni kafara. Hii haibebwi na bima, wala na ukoo, wala na mahakama. Ni miezi miwili mfululizo ya kufunga kwa dereva mwenyewe. Tunauliza: ni madereva wangapi katika jamaa zetu wamewahi kuua barabarani? Na ni wangapi tumewaona wakifunga miezi hiyo? Maimamu wetu huwaeleza hukumu ya kukosa rakaa, na hawawaelezi hukumu ya kutoa roho.

Badala yake tumebuni kitu kingine. Dereva hununua mchele na mbuzi, hupika sinia za pilau, husomesha hitma ya arubaini, na watu hurudi majumbani wakisema: “Masha Allah, ametimiza.” Ametimiza nini? Hitma hiyo haina asili katika Sunna, na dia yenye asili katika Qur'an imeachwa. Waliokula pilau ni majirani, na wanaolala njaa ni mayatima wa marehemu. Hivi ndivyo uzushi unavyofanya siku zote: hauji peke yake, huja ukikalia kiti cha faradhi.

NA ALIYEGONGWA NAYE AMCHE ALLAH

Hatutakuwa waadilifu tukimsema mmoja. Wapo waliogongwa, wenye haki ya kweli, kisha wakaichafua. Taa moja imevunjika, fundi anaombwa aandike taa mbili na mlango. Shingo nzima inafungwa kitambaa. Gari lililokuwa limechoka miaka mingi linataka litoke jipya. Wengine hulipwa na mkosaji mkononi, kisha wakaenda kudai tena bima kwa madhara yale yale. Wakiulizwa, hujibu kwamba kampuni ni ya watu wasio wa dini yetu.

Hoja hiyo inaaibisha Uislamu. Usiku wa Hijra, mwaka 622, Maquraishi walikuwa wanataka kumuua Mtume (S.A.W.), na bado alimwacha Ali (R.A.) nyuma ili arudishe amana zao. Hakuichukua mali yao kwa sababu ni makafiri. Wewe umeruhusiwa na nani?

Na wale wanaomvamia dereva kwa mawe na kumpora simu kabla hajateremka, wajue kwamba hakuna sharia inayowapa hukumu hiyo. Kwa kuwachelea wao, dereva mwenye nia njema hukimbia, na majeruhi hubaki barabarani. Anayehofia maisha yake aende moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu akajisalimishe na kuomba msaada wa majeruhi. Asiende kujificha.

TUNACHOTAKA KIFANYIKE

Qur'an 4:135 inawaamuru waumini wasimamie uadilifu na watoe ushahidi kwa ajili ya Allah hata dhidi ya nafsi zao, wazazi wao na jamaa zao, awe mtu ni tajiri au fakiri. Kwa msingi huo tunazitaka kamati za misikiti yote inayopokea kurasa hizi:

1. Zisibebe karatasi ya msamaha kwenda hospitali. Majeruhi huendewa kwa dua, chakula na fedha za dawa, bila sharti.

2. Zisimzuie Muislamu kutoa taarifa polisi. Fomu ya PF3 na maelezo ya polisi ndiyo msingi wa madai yake, na madai ya namna hii yana ukomo wa muda mahakamani. Kumwambia “subiri, tutayamaliza msikitini” hadi muda upite ni kumnyang'anya haki.

3. Suluhu isifanyike kabla daktari hajaeleza hali ya mwisho ya jeraha. Ikifanyika, kila upande uwe na mtu wake wa kumsemea, hesabu iandikwe, na mwenye haki aelezwe kiasi anachostahiki kabla ya kuulizwa kama anasamehe chochote.

4. Mkosaji maskini asikamuliwe. Katika Qur'an 21:78-79 tunasoma habari ya Daud na Sulayman (A.S.) juu ya kondoo walioharibu shamba usiku. Wafasiri wamepokea kwamba Sulayman alihukumu mwenye shamba anufaike na kondoo wale huku mwenye kondoo akilitengeneza shamba hadi lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja achukue chake. Aliyedhurika akafidiwa, na mkosaji hakufilisika. Dia ya makosa nayo hugawanywa katika miaka mitatu. Malipo ya awamu ni Sunna, kutolipa ni dhulma.

5. Uanzishwe mfuko wa kusaidiana. Baraza la Fiqhi katika kikao chake cha 16, Dubai, mwaka 2005, lilizungumzia nafasi ya aqila katika zama hizi ambapo koo zimetawanyika, na kwamba jumuiya na bima za kusaidiana zinaweza kuibeba. Tunachangia mazulia na vipaza sauti. Tushindwe kuchangia mguu wa mtu?

MWISHO

Mtume (S.A.W.) amemwelezea muflisi wa umma wake kuwa ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, funga na zaka, ilhali amemtukana huyu, amekula mali ya huyu na amemwaga damu ya huyu. Mema yake yatagawiwa waliodhulumiwa, na yakiisha atabebeshwa madhambi yao. Siku hiyo karatasi yenye sahihi haitaonekana mezani. Utaonekana mguu.

Karatasi ile tuliyoitaja mwanzo tumekwisha irudisha mikononi mwa kijana. Tumemwomba radhi yeye na mama yake, na tumemweleza mbele ya mashahidi kwamba kwa itikadi yetu sahihi ile haikumwondolea haki yoyote, na kwamba akitaka kwenda mbele ya vyombo vya sheria tutakwenda naye kutoa ushahidi wa tuliyoyafanya. Sisi tulioibeba tumeanza kuchangia matengenezo ya bajaji, kwa kuwa tulisaidia kuzuia kilichostahiki kulipwa. Mwenye pikapu tumemwita akae mbele ya waamuzi watatu. Hadi tunachapisha, hajaitikia.

Ndugu yetu, kama unasoma kurasa hizi, na tunajua huzipokea kila mwezi mlangoni mwa msikiti, mlango bado uko wazi. Hatukutaji jina, wala hatutakutaja. Lakini kila unaposimama safu ya mbele, nyuma yako kuna mtu anayeswali ameketi kwenye kiti kwa sababu yako. Mlipe kabla hamjasimamishwa nyote wawili mahali ambapo hakuna dinari wala dirhamu.

Wa maa alaynaa illal-balaagh. Wabillahi Tawfiq.